Likizo ya Juni, Ziwa Lilipofungwa

Mwezi Juni 2024 mpwa wangu mwenye umri wa miaka 16, aliyekuwa akisoma shule ya bweni Tabora, alishuka kwenye treni hapa Kigoma akiwa amekonda, na tangu siku ya pili ya likizo akawa halali usiku wala haamki kabla ya adhuhuri. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei, kwa hiyo mimi niliyezoea kukesha majini nilikuwa nyumbani na nikayaona yote. Niliyaona, lakini nikayasoma vibaya. Mama yangu alisema mtoto amepatwa na jicho la watu. Mimi nikamwita mvivu na kumnyang'anya simu.

Wiki nzima sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Mwishowe, kwa kukosa namna, nilimwambia anifuate Kibirizi tukashone nyavu, kazi iliyotubakia wavuvi katika miezi ile mitatu. Mshona wavu huinamisha macho kwenye matundu yaliyochanika, na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Naamini ndicho kilichomfungua, kwani nyumbani nilikuwa nimemuuliza mara nyingi "Una nini wewe?" huku nimemsimamia kama hakimu.

"Mjomba," alisema bila kuinua kichwa, "yule rafiki yangu aliyekuwa akilala kitanda cha juu yangu alifariki mwezi wa nne." Wiki iliyofuata walifanya mitihani, na hakuna mtu mzima aliyemuuliza anaendeleaje. "Mpaka leo usiku nasikia kitanda chake kinalia."

Nusura nimwambie ajikaze kiume, maneno niliyoambiwa mimi nilipompoteza baba, nami najua yalinifanya nini. Niliyameza. Nilimpa pole, nikamwomba anieleze rafiki yake alikuwa mtu wa namna gani, naye akaeleza mpaka jua likazama upande wa Kongo.

Siku mbili baadaye nilimpeleka Hospitali ya Maweni. Mhudumu wa afya ya akili alimuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua, nami nikashtuka. Alinieleza kwamba swali hilo halimtii mtoto wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kulitoa kama limo. Mpwa wangu alijibu kwamba hapana, ila amechoka. Simu nilimrudishia, tukakubaliana kwamba usiku zote mbili, yake na yangu, zilale sebuleni. Usingizi haukurudi mara moja, lakini ulirudi.

Mwanzoni mwa Julai, tukiwa stesheni, aliniuliza habari za wavu.

"Bado kile kipande cha mwisho," nilimjibu.

"Usikimalize, mjomba. Niachie mpaka Desemba."

Ziwa lilipofunguliwa tarehe 15 Agosti, niliingia majini na wavu wa kuazima.