Shikamoo ya Kwanza
Pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nilimnyooshea mgeni wangu Mjapani mkono, yeye akainama. Nikainama, naye akanyoosha mkono. Tukacheka. Akanipa kadi yake kwa mikono miwili, nami nikaitia mfuko wa nyuma wa suruali. Aibu! Kwao hupokewa vivyo hivyo, kwa mikono miwili, ikasomwa kwanza.

Foleni ya Mombasa Road ikatupa muda, nikamfundisha zetu. "Jambo" ni ya watalii. Vijana wa mjini ni "Sasa?", "Poa". Lakini mama yangu wa Lamu ukimwambia hivyo atakutazama tu. Yeye ni "Shikamoo", ungoje "Marahaba", ndipo ueleze shida yako.

Akairudia hadi Nyayo. Wa kwanza kuamkiwa akawa askari wa getini, kijana wa miaka 20 hivi.