Tiba ya muziki na taswira: siku za kwanza ni za kujifunza kunyamaza

Njia hii, ambapo mtu husikiliza muziki akiwa ametulia na kusimulia taswira zinazomjia, chanzo chake ni Helen Bonny, mpiga fidla aliyesomea tiba ya muziki, akiwa kwenye kituo cha utafiti wa magonjwa ya akili cha Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watafiti wa pale walikuwa wakiwapa wagonjwa LSD, dawa inayoleta maono, na kazi ya Bonny ilikuwa kuchagua muziki wa kuwasindikiza. Dawa ilipoondolewa muziki ukabaki, na taswira zikaendelea kuja.

Ngazi ya utangulizi ya mafunzo yake kwa kawaida huchukua siku nne au tano, na sehemu kubwa ni mazoezi ya wawili wawili: mmoja msafiri, yaani anayesikiliza, mwenzake mwongozaji, kisha wanabadilishana. Ukimaliza hujawa mwongozaji wa kikao kamili. Hiyo ni kazi ya ngazi za juu, chini ya msimamizi, na wewe mwenyewe ukiwa umesafiri mara nyingi.

Kikao kamili ni saa moja na nusu hadi mbili. Mnaongea kwanza mpaka lipatikane jambo moja la kuingia nalo. Msafiri analala, anafumba macho, unamtuliza kwa pumzi au kwa kukaza na kulegeza misuli. Kisha muziki, dakika 30 hadi 45, akikusimulia yanayomjia huku wewe ukiandika. Mwisho anarudi, anachora ndani ya duara, mnaongea tena.

Utulizo ukizidi dakika chache, mtu anasinzia. Aliyechoka mkalishe, usimlaze.

Lakini penye makosa mengi ni kwenye maswali. Mwanafunzi huuliza, “Unaona nini?” Swali hilo limeshachagua macho, na wapo wasioona picha kabisa: mmoja anapata uzito kifuani, mwingine harufu ya jikoni kwa bibi. “Unasikia nini?” lina utata wake, kwa kuwa kwa Kiswahili tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia harufu, msafiri anaweza kudhani anaulizwa kuhusu ala. Jaribu “Kuna nini sasa?” au “Ikoje hiyo?” Akisema, “Nipo mbele ya mlango,” usimwambie aufungue. Sema “Mlango…” tu, unyamaze, muziki ufanye kazi yake. Na “kwa nini” iache nje ya chumba: inamtoa kwenye taswira na kumrudisha kwenye kujieleza.

Vyombo navyo vina fitina. Muziki uwe umepakuliwa na simu imewekwa hali ya ndege, maana tangazo la biashara likiingia katikati, kikao kimeharibika. Zima kuchanganya nyimbo. Jaribu sauti kwenye sehemu yenye kishindo kikubwa kabisa ya kipande, si mwanzoni, kwa sababu muziki wa okestra huanza kwa kunong'ona na dakika nne baadaye unanguruma.

Mtu mwenye dalili za saikosisi, kama kusikia sauti zisizokuwepo, au anayeshindwa kutofautisha taswira na uhalisia, hafai kwa kikao kamili. Aliyepitia ukatili hivi karibuni naye asifunguliwe kwa muziki mzito. Akifumba macho anaweza kurudi palepale alipoumia.

Unachoweza kuanza nacho, ukiwa tayari ni mtaalamu wa tiba na una msimamizi, ni umbo fupi la kikao. Mteja anakaa kitini, macho wazi akipenda. Mnatafuta kitu kimoja kinachompa nguvu, mfano kivuli cha mwembe. Mnachagua pamoja kipande kimoja cha dakika tatu hadi tano: mwendo ulio sawa, melodia inayojirudia, kisicho na mlipuko wa ghafla. Mpe karatasi yenye duara na kalamu za rangi, urudie kipande hicho mpaka amalize kuchora. Taarabu na kwaya, kwa mapenzi yote tuliyo nayo, ziwekwe kando mwanzoni: maneno yanamvuta msikilizaji kwenye kisa cha mtu mwingine, na kwaya fulani moja kwa moja humpeleka msibani. Ala za nyuzi kama udi au kanuni, bila mwimbaji, huenda ikafaa, mradi mteja mwenyewe aikubali.

Mchoro usiutafsiri. Nyekundu si lazima iwe hasira, muulize mwenyewe. Kabla hajaondoka, akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, anywe maji, ataje vitu vitatu anavyoviona chumbani. Kama bado anajibu taratibu kama aliye mbali, asipande bodaboda. Mkalishe dakika kumi zaidi.