Jinsi nilivyolainisha gari lililoshushwa

Gari nililinunua likiwa limeshashushwa karibu na ardhi kwa springi fupi na shokapu ngumu zinazorekebishika. Kwenye lami ya kwenda Muheza lilitulia, ila mitaa ya Ngamiani kila shimo lilipanda hadi kwenye uti wa mgongo.

Nilianza na upepo, maana haugharimu kitu. Tairi zilijazwa PSI 40 wakati kibandiko cha mlangoni kinasema 32. Nilipopunguza, mtetemo mdogomdogo uliisha, kishindo kikabaki.

Fundi akaingia uvunguni na tochi. Nyuma, ule mpira unaozuia shokapu isigonge mwisho ulikuwa umesagika na kupasuka ukingoni. Gari lilikuwa linaulalia muda wote, springi haina nafasi ya kucheza. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kuangalia kwanza kabla ya kununua shokapu nyingine. Tukaweka mpira mpya, tukazungusha kola za springi (pete zenye nyuzi zinazoshikilia springi) gari likapanda kama sentimita 2, kisha tukalegeza kirekebisho cha ugumu wa shokapu kidogokidogo, kila mara tukilijaribu kwenye kipande kilekile cha barabara.

Bushi za mikono ya chini, yaani mipira ya kwenye maungio ya vyuma vinavyoshikilia magurudumu, nazo zilikuwa zimekazwa gari likining'inia kwenye jeki, kwa hiyo mpira ulibaki umejisokota. Fundi alilegeza nati, akalishusha gari likasimama kwa magurudumu yake, ndipo akazikaza. Nafuu kubwa niliipata hapo.

Mwisho ni alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu: kimo kikibadilika, pembe za magurudumu nazo hubadilika, na tairi huliwa upande.