Mwalimu Yalmay na ng' ya Wayolŋu

Ndugu mliofika Australia karibuni, mkikuta jina Yalmay Yunupiŋu, hiyo ŋ ni ng' yetu ya ng'ombe. Wayolŋu, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Australia, huanza nayo neno kama sisi: ŋarra ni "mimi". Wanaojua Kiingereza tu huhangaika nayo sana hapo mwanzoni mwa neno.

Mama huyu alifundisha miaka 40 Yirrkala, Arnhem Land, akastaafu 2023, na 2024 akatunukiwa tuzo ya taifa ya Mzee wa Mwaka. Alikuwa mwalimu-mwanaisimu, yaani mtaalamu wa lugha anayesimamia masomo na vitabu vya lugha ya watoto, kazi ambayo wengi hawaijui, ilhali shule ya lugha mbili haisimami bila yake.

Mtoto huanza kusoma kwa Kidhuwaya, lugha anayoongea nyumbani. Kiingereza hukisikia na kukizungumza kwanza. Akishaelewa kwamba herufi hubeba sauti, huhamishia ujuzi huo kwenye Kiingereza, mnamo darasa la tatu au la nne. Ukimwanzishia kusoma kwa lugha asiyoielewa, atatamka herufi zote vizuri na asijue amesoma nini.

Vitabu vya Kidhuwaya huvipati dukani, hutengenezwa. Kwanza huulizwa hadithi ni ya upande gani kati ya pande mbili za jamii ya Wayolŋu, Dhuwa au Yirritja, maana si kila mtu ana ruhusa ya kuisimulia. Mzee husimulia, hurekodiwa, huandikwa, husahihishwa, huchorwa picha, ndipo huchapwa. Tazama neno ŋäṉḏi, "mama": nukta mbili juu ya ä zinavuta irabu, mistari chini ya ṉ na ḏ inakunja ulimi nyuma. Mchapaji akiacha mistari hiyo, mtoto anafundishwa sauti nyingine.

Darasani husimama walimu wawili, Myolŋu na wa Kiingereza, nao huandaa somo pamoja kabla ya kengele. Wasipoandaa, Myolŋu hugeuka mkalimani, na watoto husubiri tafsiri badala ya kufikiri.

Mwaka 2008 serikali ya Northern Territory, eneo ilipo Yirrkala, iliamuru saa nne za kwanza kila siku ziwe za Kiingereza. Lugha ya mama ikasukumiwa mchana, kwenye joto, watoto wamechoka. Uamuzi ule ulikuwa mbaya kabisa, na watu wa Yirrkala waliupinga waziwazi. Mwaka 2020 wanafunzi 8 wa shule ya Yirrkala walimaliza sekondari wakiwa na alama za kuombea chuo kikuu, wa kwanza tangu shule ianze.