Nilivyoipata Ruvu ya babu yangu

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kwenu ni Ruvu, atakuelewa mara moja, na pengine atakuwa amekuelewa vibaya. Kichwani mwake itakuja Ruvu ya Mlandizi: mto unaoleta maji ya bombani, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na timu ya soka ya Ruvu Shooting waliokuwa wakicheza uwanja wa Mabatini. Mtu wa Same, mkoani Kilimanjaro, akisikia jina hilohilo atauwaza mto mwingine kabisa, na vijiji vya Ruvu Mferejini, Ruvu Jiungeni na Ruvu Marwa. Ukoo wetu uliishi na Ruvu mbili kwa zaidi ya miaka 50 ukidhani ni moja, mpaka shangazi yangu mkubwa aliponiita akaniambia, "Mwanangu, nataka kuwajua ndugu za baba yangu kabla sijafa. Wewe umesoma, nitafutie." Naandika nilivyomtafutia, kwa kuwa najua wako wengi wenye karatasi ya zamani iliyoandikwa jina la mto tu, na hawajui waanzie wapi.

Tulichokuwa nacho kilikuwa kidogo. Babu alifariki mwaka 1969, watoto wake wakiwa bado wadogo. Aliacha cheti cha kazi ya reli cha mwaka 1962 ambacho mchwa walikula upande mmoja: mahali pa kwao pamesomeka "Ruvu", wilaya imeliwa. Halafu kulikuwa na barua ya mwaka 1971 ambayo mdogo wake alimwandikia bibi kumpa pole, karatasi moja bila bahasha, juu yake pameandikwa tena "Ruvu" na tarehe. Bibi, ambaye alikuwa Mzaramo wa Mlandizi, alizoea kusema mumewe ni mtu wa bara. Baba mdogo akaunganisha mambo hayo akapata jibu lake: mtu wa bara, tena wa Ruvu, basi ni wa huko juu mto unakotoka, milima ya Uluguru. Jibu lilikuwa na mantiki, na kwa miaka mingi hakuna aliyelipinga. Lakini kila ndugu aliyekwenda Morogoro kuulizia alirudi bila kitu.

Niliamua kuacha vijiji kwanza nianze na mito. Vijiji vyetu vimehamahama. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwatoa watu mashambani mwao ikawakusanya mahali papya, na mara nyingi walikwenda na jina lao. Mafuriko nayo huwasogeza watu, na stesheni ikijengwa huwavuta. Mto haufanyi hivyo kwa urahisi. Kwa hiyo nilichukua daftari nikaandika kila mto unaoitwa Ruvu: unatoka wapi, unapita wapi, unaishia wapi.

Ruvu ya kwanza inatoka Uluguru, inapokea maji ya Mgeta na Ngerengere, inapita Pwani hadi Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huchota humo sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam. Ruvu ya pili iko Kilimanjaro. Inatoka Ziwa Jipe, mpakani na Kenya, na kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambamo pia unaingia mto Kikuletwa unaoleta maji ya Meru na Kilimanjaro. Maji yakitoka bwawani, ramani nyingi huyaita Pangani, jina ambalo mto unabaki nalo kupita Korogwe hadi baharini. Ila wenyeji wa tambarare ya Same wanaendelea kuuita Ruvu hata chini ya bwawa. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea: wakitazama ramani hawaoni Ruvu yoyote upande ule, wanaona Pangani, wanageuza macho.

Nilipokuwa nachora mito hiyo ndipo nilipoona jinsi jambo hili lilivyoenea. Ndani ya bonde la Ruvu ya Pwani peke yake, Mgeta ni mto na pia ni eneo la wakulima wa mboga milimani. Mvuha ni mto na ni kijiji. Ngerengere ni mto unaopita Morogoro mjini, halafu ni mji mdogo wenye stesheni, mbali na hapo. Ukiambiwa "alizaliwa Ngerengere" bila maelezo mengine, umepewa urefu wa mto mzima, na mtu anaweza kuzaliwa popote kandokando yake.

Kazi iliyofuata ilinichukua muda kuliko zote, nayo ni kupanga dalili. Shangazi na baba mdogo walikuwa na mambo mengi waliyoyasikia kwa bibi: kwao babu kulikuwa na mamba, kulikuwa na mkonge, reli ilikuwa jirani, walikula perege na kambare. Kila mmoja aliyashika kama ushahidi. Niliyapima moja moja kwa kuuliza swali hili tu: je, jambo hili lipo Ruvu moja na halipo nyingine? Mamba wapo kote. Mkonge ulilimwa kando ya Reli ya Kati na kando ya reli ya Tanga. Samaki ni walewale. Dalili inayofaa sehemu zote mbili haikusaidii hata ikiwa ya kweli, na nilimwomba baba mdogo tuziweke pembeni zote. Hakupenda, maana ndizo alizokuwa akizisimulia maisha yake yote, lakini alikubali.

Ikabaki barua. Nimeisoma mara nyingi mno. Sehemu kubwa ni salamu na pole, ila katikati kuna mistari hii: "Tangu wafunge bwawa huko juu, Ruvu haijai tena kama tulivyoizoea. Malisho yamekauka, na wa ng'ambo kiangazi wanavusha ng'ombe wao maji yakiwa magotini."

Kila mtu nyumbani alikuwa ameisoma kama malalamiko ya mkulima. Mimi nilijiuliza, bwawa gani? Mwaka 1971 Ruvu ya Pwani haikuwa na bwawa lolote kubwa lililozuia mto wenyewe. Mindu, lililo kwenye mto Ngerengere, lilikuja baadaye. Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo mingi, limeanza kujengwa miaka hii ya karibuni. Lakini kule kaskazini, Nyumba ya Mungu lilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1960, na moja ya kazi zake ilikuwa kuhifadhi maji ili mitambo ya umeme iliyoko chini, kama Hale, isipungukiwe kiangazi. Mto uliokuwa ukifurika tambarare kila masika ukaanza kutoka kwa kipimo. Ardhi oevu ya Kirua, iliyo chini ya bwawa hilo, ilipungua sana baada ya hapo, na waliotegemea mafuriko kwa malisho na uvuvi waliona mabadiliko mara moja. Mwandishi wa barua alikuwa akieleza jambo hilohilo, miaka michache tu baada ya kutokea.

"Wa ng'ambo" nao wakapata maana. Ukisimama kwenye kingo za Ruvu ya Same ukatazama magharibi, ng'ambo ni Simanjiro, nchi ya wafugaji wa Kimaasai. Na "mtu wa bara" wa bibi ilikuwa kweli. Kwa watu wa Pwani, Upareni, nchi ya Wapare iliyoko Same, ni bara vilevile.

Shangazi aliniuliza swali zuri: kama kwao ni Same, alifikaje Mlandizi? Hili lilijibiwa na kile cheti kilicholiwa na mchwa. Mwaka 1963 ulifunguliwa mkono wa reli wa kilomita 188 kutoka Ruvu, kwenye Reli ya Kati, hadi Mnyusi, kwenye reli ya Tanga inayokwenda Moshi na Arusha. Kabla ya hapo reli hizo mbili hazikukutana. Cheti cha babu ni cha 1962, wakati kazi hiyo inaendelea. Kijana wa Upareni alikuwa na reli ya Tanga jirani, akaajiriwa, akafuata kazi kuelekea kusini, na mwisho wa njia mpya akakuta mto mwingine wenye jina la mto wa kwao. Hapo akaoa. Nadhani ndiyo sababu hakuona haja ya kufafanua alipoulizwa kwao ni wapi.

Dhana hata ikiwa nzuri bado ni dhana. Nilitafuta ramani za topografia za kipimo cha 1:50,000, ambazo huonyesha vijito na vitongoji visivyoonekana kwenye ramani ya simu, nikaweka alama kila penye neno Ruvu chini ya Nyumba ya Mungu. Nilipiga pia simu ofisi ya Bonde la Pangani iliyoko Moshi. Kumbuka kwamba Ruvu hizi ziko chini ya ofisi mbili tofauti. Ile ya Pwani iko chini ya Bonde la Wami/Ruvu, lenye ofisi Morogoro. Ukiuliza Morogoro kuhusu Ruvu ya Same hawatakusaidia, na si kosa lao. Bwana aliyepokea simu Moshi alinithibitishia kwamba wenyeji wa Same wanauita mto huo Ruvu, akanishauri nianzie Ruvu Mferejini kwa sababu barua ilitaja malisho na ng'ambo.

Nilichukua barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa wetu, nikapanda basi stendi ya Magufuli pale Mbezi. Njiani unavuka Ruvu ya Pwani, kisha Wami, halafu Korogwe unaukuta mto wa babu ukiwa na jina la Pangani. Kutoka Same mjini nilipanda bodaboda kwenye barabara ya vumbi, milima ya Upare ikiwa nyuma yetu.

Jambo moja naomba ulizingatie ukienda kutafuta kwenu. Mgeni akifika kijijini akasema babu yake alitoka hapa, wenyeji hufikiri amekuja kudai shamba, na wana haki ya kufikiri hivyo. Mbele ya mtendaji wa kijiji, kabla sijasaini kitabu cha wageni, nilisema wazi kwamba sitafuti ardhi. Shangazi yangu mzee anatafuta ndugu. Nilirudia maneno hayo kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa kila mzee niliyepelekwa kwake. Nyuso zilibadilika.

La pili: sikuwatajia jina la babu kwanza. Ukitaja jina, mtu mwema atataka kukufurahisha, atasema anamkumbuka. Niliuliza habari za maji. Niliwauliza mto ulikuwaje kabla ya bwawa, nani alilisha wapi, vijana wa wakati ule walikwenda wapi kutafuta kazi. Wazee walizungumza kwa uchungu kuhusu mto ule, jinsi ulivyokuwa ukipanda hadi karibu na maboma na kuacha tope la kulimia. Mmoja wao, mzee sana, nilimwamkia akanishika mkono muda mrefu, akawahesabu vijana waliokwenda reli. Alipofika kwa watu wa boma moja akasema, "Kwao walikuwa wawili. Mkubwa alikwenda kutandika reli ya kwenda Dar es Salaam, akaoa huko, akafia huko. Mdogo alipata habari kwa mfanyakazi mwenzake, akaandika barua kwa mjane, barua haikujibiwa."

Nilitoa barua mfukoni nikamsomea.

Mdogo wake babu alishafariki. Wanawe wapo, na wajukuu wengi, wengine wako Same mjini na Moshi. Waliitwa jioni ileile. Niliwapigia simu shangazi na baba mdogo wakasikilizana na binamu zao, upande huu wakilia na upande ule wakicheka. Baba mdogo ndiye aliyezungumza nao muda mrefu zaidi. Alitaka kujua kila kitu kuhusu bwawa.

Tangu hapo tumeanza daftari la ukoo, na tumekubaliana kwamba hakuna jina la mahali litakaloandikwa peke yake. Kila mahali panaandikwa pamoja na mto unakotoka na unakokwenda, kata, wilaya kama ilivyoitwa wakati ule na kama inavyoitwa sasa, na mwaka. Kwa babu tumeandika alizaliwa Ruvu inayotoka Jipe, Wilaya ya Pare ya zamani, sasa Same. Alifanya kazi, akaoa na kuzikwa Ruvu inayotoka Uluguru, sasa Kibaha.

Binamu mmoja wa Ruvu Mferejini naye ameniletea kazi. Ndugu wa mama yake aliondoka zamani, na kilichobaki ni maneno kwamba "alikwenda Mkomazi". Mkomazi ni mto unaoingia Pangani, ni mji mdogo kwenye reli upande wa Korogwe, na ni hifadhi ya taifa tangu 2008. Hifadhi nimeiweka pembeni kwa sasa, kwa sababu wanasema alikuwa akirudi nyumbani kwa treni kila Krismasi na gunia la mpunga. Naanza na mji wa relini, na mashamba ya mpunga yaliyo karibu nao.