Uwele wa mama

Kopo lilikuwa la Kimbo, limefutika maandishi kwa kusuguliwa na mchanga, na mama hakutaka mtoto alichezee kwa sababu ndilo lilikuwa kipimo cha nyumba. Makopo matatu ya uwele kwa siku, ile nafaka ya kwetu, watu wanane tunakula. Mwaka 1997, kuanzia Septemba, yakawa mawili. Hakuna aliyetutangazia. Tulijua kwa sauti tu: kopo likikwaruza ndani ya kihenge mara mbili, kisha kimya.

Baba alikuwa kasisi wa Anglikana katika kijiji kimoja upande wa Mvumi, huku kwetu Ugogo. Watu wa mjini wakisikia "mtoto wa kasisi" wanadhani tulikunywa chai kwa mkate. Kasisi wa kijijini hulishwa na kapu la sadaka, na kapu la sadaka hulishwa na mvua. Msimu ule mvua zilichelewa kuanza, zikawahi kukatika. Kapu lilizunguka kanisani likarudi na sarafu chache zinazogongana, na siku moja likarudi na yai limefungwa kwenye kitambaa. Kilichotuweka mjini, kama wasemavyo, ni shamba la mama.

Nasema shamba la mama kwa makusudi. Baba alikuwa na mitaa minne ya kanisa ya kuizungukia kwa baiskeli, maziko, ubatizo, vikao visivyokwisha. Jembe alilishika, simsingizii, lakini kwa siku za kuhesabika. Mama ndiye aliyepanda, na mbegu za kwanza zilipoungulia ardhini akapanda tena. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuamia ndege. Kwelea kwelea huja kama wingu. Kabla jua halijatoka umeshapanda kichanjani na kombeo na debe bovu la kupiga, unapiga kelele mpaka koo linakauka, na ukisinzia kidogo tu unaamka unakuta masuke yamebaki makapi. Nilikuwa na miaka 11. Tulipata magunia matatu. Mwaka mzuri shamba lile lilitoa manane.

Jumapili moja ya Novemba baba alihubiri habari za mjane wa Sarepta. Alikuwa mhubiri hasa, yule mzee. Alimfanya Eliya aingie kijijini kwetu, akapita kwenye korongo letu lililokauka, akamkuta mjane anaokota kuni mbili. Konzi moja ya unga ndani ya pipa! Na bado nabii anamwambia, nianzie mimi kwanza. Kanisa zima lilinyamaza, hata watoto wachanga. Nafikiri baba alipandwa na neno lake mwenyewe, maana alifunga Biblia kabla ya wakati, akashuka hatua moja, akasema, "Nyumbani kwangu uwele upo. Asiye na kitu, kesho aje na chombo."

Vigelegele vilipanda mpaka bati likalia. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema kijiji hakijapata kuwa na kasisi mwenye mkono kama huyu. Mimi nilijivuna, sitaki kudanganya. Kisha nikamtazama mama upande wa wanawake. Alikuwa amemwinamia mdogo wangu, anamfunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Kesho yake, hata jogoo hawajamaliza, walikuwa uani. Mbukwenyi, mbukwenyi, ndiyo salamu yetu Wagogo, kila mtu na chombo chake: vibuyu, ungo, sufuria, mmoja alikuja na kofia. Bibi yangu, mama mzaa baba, alikuwa amekaa mlangoni pa tembe, nyumba yetu ya udongo, akiota jua. Aliwatazama akasema kwa Kigogo kwamba hata Mtunya ilianza hivihivi, watu na vyombo vyao mlangoni kwa mtu. Mtunya ni ile njaa iliyoivuruga Ugogo Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inaisha, majeshi yakiwa yameshabeba nafaka, ng'ombe na wanaume wa kuchukua mizigo, kisha mvua nayo ikagoma. Bibi wakati huo alikuwa mtoto wa mgongoni, lakini aliisimulia kana kwamba aliipika mwenyewe.

Baba hakuwepo. Alikuwa ameitwa mtaa wa mbali kwa maziko. Aliyegawa ni mama.

Makopo mawili kila mtu. Nilihesabu watu 43, kisha nikachoka. Kila kopo alilijaza mpaka likafanya kichuguu juu, hakulifuta kwa kiganja kama wafanyavyo wauzaji. Aliwauliza habari za watoto, akacheka na wanaochekesha. Mama mmoja mzee alimshika mikono, akasema, "Mwambie kasisi Mungu ampe miaka mingi." Mama akajibu, "Nitamwambia." Mpaka leo sijui alitoa wapi ile sauti.

Baba alirudi usiku. Siku zote mama alimwita kwa jina la kaka yetu mkubwa, Baba Fulani. Usiku ule alimpa maji ya kunawa, akamwekea ugali na mlenda, akasubiri amalize. Tembe halina siri. Tulikuwa tumelala upande wa pili wa ukuta wa udongo, na sote tulikuwa macho.

"Mchungaji," alisema. "Jana umetoa sadaka nzuri sana. Ila ilikuwa sadaka yangu, na hukuniuliza."

Kimya.

"Ungeniuliza ningekubali. Pengine tungepanga, tukatoa nusu. Lakini vigelegele vilikuwa vyako, na kopo nimeshika mimi."

Nilitegemea baba ajibu kwa andiko. Andiko alikuwa nalo kwa kila jambo, tulikuwa tumezoea. Hakujibu. Nilisikia kigoda kikisogezwa, kisha mlango, kisha hatua zake uani zikienda na kurudi mpaka nikapitiwa na usingizi.

Siku iliyofuata, kwenye sala ya jioni, alisoma Samweli wa Pili sura ya 24, Daudi kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna. Arauna anampa mfalme kila kitu bure, ng'ombe na kuni, mfalme anakataa: hawezi kumtolea Mungu sadaka asizozigharimia. Analipa shekeli hamsini. Kwa kawaida baba akishasoma hueleza. Siku ile alifunga Biblia akasema tuombe.

Jumatano alfajiri akafunga redio nyuma ya baiskeli.

Hapo lazima nieleze ile redio. Ilikuwa National ya betri nne, na ndicho kitu pekee ndani ya nyumba ile ambacho mtu angeweza kusema ni cha baba, ukiacha kanzu za ibada. Alinunua kabla hajaoa. Betri zikichoka tulizianika juani kwenye bati la jiko, naye alizigeuza kama mtu anayechoma mahindi. Taarifa ya habari ya Redio Tanzania saa mbili usiku hakuikosa, wala Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na akiwa na wageni alieleza mambo ya Kinshasa kama vile amerudi huko juzi. Mwaka ule Mobutu wa Zaire aliondolewa, na baba alitufuatilisha vita vile mji kwa mji. Majirani nao walikuja kusikiliza matangazo ya vifo, maana ndugu akifa Tabora au Dar es Salaam hukuwa na njia nyingine ya kujua mapema.

Alikwenda nayo Dodoma, zaidi ya kilomita 40 za mchanga na vumbi. Alirudi usiku anasukuma baiskeli, hakuweza kuipanda. Nyuma kulikuwa na gunia la mahindi, si limejaa, limefika kifuani. Alilishusha mbele ya mama, si mlangoni wala stoo, mbele yake alipokuwa amekaa jikoni.

"Hili ni lako," alisema. "Sitalifungua."

Mama alilitazama. "Umeuza redio."

"Nimeuza."

"Na watu wa matangazo ya vifo?"

Baba akashika kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria. Kweli wazee walilalamika mwezi mzima, mmoja akisema kasisi ameuza masikio ya kijiji.

Kama mambo yangeishia hapo, nadhani ningekuwa nimeyasahau, maana wanaume wengi wakikosea huleta kitu mkononi na kuhesabu yameisha. Jumapili baba alipanda mimbarani na kabla ya hubiri akasema ana neno la kurudisha. Nakumbuka alivyosema, kurudisha. "Juma lililopita mlinishukuru kwa uwele. Uwele haukuwa wangu. Nimelima siku sita msimu mzima, nimezihesabu. Aliyelima ni mke wangu, na walioamia ni watoto. Nimewagawia cha mtu bila kumuuliza mwenyewe, nikapokea shukrani zake. Mnaodaiwa shukrani mumpe yeye."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walitazama miguu yao. Kwa wazee wetu lile lilikuwa jambo la aibu, mwanamume kujivua nguo mbele ya watu kwa ajili ya magunia ya mke, na mmoja alimwambia waziwazi baada ya ibada kwamba kasisi akifanya hivyo, kesho wake zao watafungua midomo. Na wakafungua, baadhi yao.

Mama mwenyewe alikasirika upya. Njiani kurudi alitembea mbele peke yake. Nyumbani akasema, "Kwanza umenigawa, sasa umenitangaza." Wakazozana mpaka jioni, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia baba akicheka katikati ya ugomvi, kisha mama naye akashindwa kujizuia.

Siku hizi nikiona kiongozi wa dini kwenye televisheni anakabidhi magodoro na mifuko ya unga, nyuma yake bango lenye picha yake, huwa najiuliza ni kihenge cha nani kimefunguliwa, na mwenye kihenge amekaa safu ya ngapi. Pengine nawaonea. Wengine nawajua, wanatoa cha kwao.

Mvua zilikuja, na zilikuja kwa hasira. Ilikuwa El Niño. Mapema mwaka 1998 mafuriko yaling'oa Reli ya Kati, baina ya Kilosa na Dodoma, na sisi wa nyumba ya redio tulikuwa wa mwisho kujua. Baba alikuwa akienda jioni kwenye duka la jirani Mwislamu, anakaa kwenye benchi la nje pamoja na vijana, anasikiliza habari kupitia dirishani, na tangazo la kifo cha mtu wa kijijini likisomwa ndiye anayetumwa kupeleka ujumbe usiku. Aliendelea hivyo kwa miaka mingi. Mahindi ya gunia lile mama aliyagawa kidogokidogo kwa aliowachagua, nasi tukala yaliyobaki. Baba hakuuliza alimpa nani.

Nilipopata kazi, kitu cha kwanza nilichonunua kwa mshahara ni redio. Nilimpelekea Krismasi. Alikuwa amestaafu, macho yameanza kufifia. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akaipapasa nyuma kutafuta mahali pa betri.

"Umenipa mimi," aliuliza, "au umetupa sisi?"

"Ni yako, baba."

"Yangu peke yangu?"

Mama alikuwa anachambua mchele kando ya mlango. Alicheka mpaka mchele ukamwagika kutoka kwenye ungo.