Siku Moja na Vyura wa Kihansi na Mtambo Unaowapa Manyunyu

Saa 12 asubuhi ninavua viatu mlangoni mwa chumba tunamozalishia vyura na kuvaa buti zisizotoka humu ndani, kwa maana ugonjwa wa kuvu unaoua vyura unaweza kuingia na tope la soli moja tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mtambo umekesha salama."

Kwetu sisi mtambo huo wa kunyunyizia maji ndio maporomoko. Chura wa Kihansi aliishi mahali pamoja tu duniani, kwenye korongo la mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, ambako rasharasha za maporomoko zililowesha majani usiku na mchana. Bwawa la kufua umeme lilipojengwa, sehemu kubwa ya maji ilichepushwa, rasharasha zikakatika, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki ni uzao wa vyura waliopelekwa Marekani mwaka 2000, na baadhi ya uzao huo ukarejeshwa Tanzania mwaka 2010.

Saa 2 ninapitia kumbukumbu za usiku. Kihisi kilichomo katika kila tangi hupima joto na unyevu, na unyevu ukishuka, kompyuta huwasha pampu inayosukuma maji yaliyokwisha kuchujwa klorini, kwa kuwa chura hunywa kwa ngozi yake. Namba zote ni nzuri.

Saa 4 ni chakula: nzi wa matunda na nyenje wachanga waliopakwa unga wa kalsiamu. Chura huyu hatagi mayai majini. Huzaa watoto walio hai, kila mmoja akiwa mdogo kuliko punje ya mchele, hivyo kila jani ninalifunua polepole. Katika tangi la saba ninawakuta watatu wamebanana chini ya jani moja, rangi yao ya dhahabu imefifia. Skrini inaonyesha unyevu wa kutosha. Ninagusa majani ya pembe ya mbali kwa kidole: makavu kabisa.

Saa 5 ninapata sababu. Tundu moja la kunyunyizia limezibwa na chumvi ya maji, na kihisi kinaning'inia chini ya tundu lililo zima, kwa hiyo mtambo ulipima pale palipolowa ukadhani tangi zima limelowa. Ninaloweka tundu katika siki, ninalizibua kwa sindano, ninalisuuza mara nyingi, kisha ninahamishia kihisi kwenye pembe ile kavu, na kufanya vivyo hivyo katika matangi mengine, kazi inayonila hadi saa 9. Chakula cha mchana ninakisahau.

Tangu mwaka 2012 vyura waliozalishwa hivi wamekuwa wakirudishwa korongoni, ambako mabomba ya kunyunyizia yamewekwa yafanye kazi ya maporomoko. Huko nako mabomba yanahitaji mtu wa kugusa majani.

Saa 11 jioni ninamkabidhi mzee daftari. Katika pembe ile matone yanadondoka, na wale watatu wameachana. Mmoja ameketi juu ya jani, koo lake likitutuma.